Zana sitini za bure na laptopu moja: jibu kwa mwalimu wa kisiwa cha Pate

Swali: Assalamu alaikum. Nafundisha Sayansi na Hisabati, Gredi ya 7 na ya 8, katika shule moja ya kisiwa cha Pate. Mwalimu mkuu wetu ametutumia orodha ndefu ya zana za mtandaoni za bure kwa walimu, yapata sitini, na anataka kila mmoja aonyeshe muhula huu jinsi anavyotumia teknolojia darasani. Nina laptopu yangu na simu. Kabatini mna vishikwambi vya ule mradi wa serikali, havijaguswa kwa muda. Gredi ya 7 ina wanafunzi 46. Mtandao ni wa simu, na bando nanunua mwenyewe. Nilijaribu chemsha bongo ya mtandaoni, ikakwama katikati, watoto wakaanza kelele na kipindi kikaisha hivyo hivyo. Katika hizi sitini, nianze na ipi?

Jibu: Waalaikum salaam, mwalimu. Anza na PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kwenye skrini, kwa mada ya umeme ya Gredi ya 7, ukiwa umeshaipakua na kuiweka kwenye laptopu yako. Ikikukaa mkononi, ongeza Kolibri, programu ya kugawa masomo darasani bila intaneti. Zilizobaki ziache huko orodhani mpaka muhula mwingine. Nitaeleza kwa nini nimechagua hizi, na hasa jinsi ya kuzifanya zikubali kwa vifaa ulivyonavyo, maana majina matupu hayatakusaidia. Majina sitini tayari unayo.

Kwanza ile chemsha bongo. Usijilaumu kwa yaliyotokea, wala usiwalaumu watoto. Zana nyingi za namna hiyo zimetengenezewa darasa ambalo kila mwanafunzi ana kifaa chake na mtandao hauhesabiwi kwa megabaiti. Waliotunga orodha wamehesabu ada ya kujiunga, wakaona ni sufuri, wakaandika bure. Bando, chaji na dakika 40 za kipindi hawakuzihesabu, na kwako wewe hizo ndizo gharama zenyewe. Chukua ukurasa wa mchezo wenye uzito wa MB 5. Wanafunzi 46 wakiufungua kila mtu kivyake kupitia simu yako, zimekwenda MB 230 kabla ya swali la kwanza kujibiwa. Wakikaa makundi sita, kila kundi na kifaa kimoja, ni MB 30. Ukiwa umeupakua mara moja siku uliyokuja Amu, yaani mji wa Lamu, ni MB 5, na mwakani hulipi tena.

Ndiyo maana kila zana ninayoletewa naipima kwa jambo moja kabla ya mengine yote: data ikizimwa, inaendelea kufanya kazi? Jaribu nyumbani usiku mmoja. Ifungue, zima data, kisha izunguke kama mwanafunzi angeizunguka. Ikigoma, iweke kando hata kama imesifiwa kiasi gani. Orodha yako ya sitini itabaki na zana chache sana, na hizo chache zinatosha.

Jambo la pili la kukagua ni masharti. Zipo zana zinazotolewa kwa majaribio ya siku kadhaa, halafu zinaomba namba ya kadi ya benki. Hizo zifute leo. Zipo ambazo sehemu yake moja ni ya bure lakini ina kikomo. Kahoot, kwa mfano, ile ya Norwe iliyotoka mwaka 2013, watoto huipenda kweli, ila toleo lake la bure lina kikomo cha wachezaji, na inahitaji mtandao tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha zipo zenye leseni huria, ambazo unaruhusiwa kupakua, kunakili na kumgawia mwalimu mwenzako wa Faza au Kizingitini bila kumuomba mtu. Kazi ya miaka ijengee juu ya hizi za mwisho. Kampuni ikibadilisha bei zake, faili lililo kwenye flashi yako halibadiliki.

Sasa PhET. Huu ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hisabati yanayofanyika kwenye skrini, unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani. Aliyeuanzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Majaribio yake mapya yametengenezwa hivi kwamba kila moja ni faili la HTML lenye megabaiti chache tu. Unalipakua, unalitia kwenye flashi, unalibofya, linafunguka ndani ya kivinjari bila mtandao na bila kuulizwa jina wala barua pepe. Baadhi yana tafsiri ya Kiswahili. Kwenye ukurasa wa jaribio tafuta sehemu ya tafsiri kabla ya kupakua, kwa sababu faili la Kiswahili ni jingine na la Kiingereza ni jingine. Nashauri uchukue yote mawili. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, lakini mtoto akishalielewa jambo kwa lugha ya nyumbani, yale maneno ya Kiingereza hupata mahali pa kushika.

Pakua lile la kuunda sakiti za umeme. Ndani yake mna betri, nyaya, balbu, swichi na vipimo, na mwanafunzi anaviunganisha kwa kidole au kwa mausi. Lakini kipindi usikianzie kwenye skrini. Anza na betri mbili za tochi, vipande vya waya na balbu ndogo mbili halisi. Watoto wako wamekua chini ya paneli za sola. Wengi wao wameshamwona baba au kaka akiunganisha waya mwekundu na mweusi, na wengine wameziunganisha wenyewe. Huo ni ujuzi, na usipoutumia utakuwa umeutupa. Waambie waunganishe balbu mbili zikifuatana kwenye njia moja, na watabiri kwa maandishi: zikiunganishwa sambamba, kila moja na njia yake, mwanga utaongezeka, utapungua au utabaki vile vile? Kila mtu aandike jibu lake na sababu yake kwenye daftari, kabla hujagusa laptopu.

Hapo ndipo skrini inapoingia, kuonyesha kile ambacho balbu halisi haiwezi kuonyesha. Kwenye jaribio la PhET elektroni zinaonekana zikitembea ndani ya waya. Kwenye sakiti ya mfululizo zinakwenda polepole na balbu zinafifia; kwenye sakiti sambamba zinakwenda kasi zaidi na balbu zinang'aa. Toa balbu moja kwenye mfululizo, zote zinazimika. Toa moja kwenye sambamba, nyingine inaendelea kuwaka. Kisha uliza swali la nyumbani kwao: taa ya chumbani ikiungua, kwa nini ya ukumbini haizimiki? Mtoto anayeweza kulijibu hilo kwa maneno yake mwenyewe amekwisha kuelewa sakiti sambamba, na wewe umelijua hilo bila kusahihisha karatasi hata moja. Nimeona somo hili likienda vizuri mara nyingi, na kila mara siri imekuwa ule utabiri wa mwanzo. Darasa ambalo halikutabiri hutazama skrini vile linavyotazama katuni.

Kuhusu kuonyesha: projekta katika madarasa yetu ya pwani ina shida yake. Madirisha ni makubwa, jua ni kali, na picha ukutani huwa hafifu mpaka ufunge madirisha, na ukifunga, watoto 46 hawawezi kukaa humo kwa joto. Mimi huwa nashauri makundi. Yapange sita, ya watoto saba au wanane. Kundi moja linashika laptopu kwa dakika sita, mengine yanashughulika na betri na waya au na maswali ubaoni, kisha mnazungusha. Hesabu ya dakika inabana, kwa hivyo kama ratiba yako ina vipindi viwili mfululizo, liweke somo hili hapo. Na ukiwa na vishikwambi sita vinavyowaka, hakuna haja ya kuzungusha kabisa. Hapo ndipo tunafika kabatini.

Mradi unaoutaja ulianza kupeleka vifaa mashuleni mwaka 2016. Ulikuwa wa watoto wa darasa la kwanza, na shule ilipewa vishikwambi vya wanafunzi, laptopu mbili za walimu, projekta, na seva ndogo ya maudhui, yaani kompyuta ya kugawia vifaa vingine masomo, pamoja na ruta, kile kifaa cha kusambaza waifai. Kwa kuwa Gredi ya 7 hadi 9 zimewekwa ndani ya shule za msingi tangu 2023, kabati hilo mara nyingi liko ua ule ule unaofundishia. Muombe mwalimu mkuu ruhusa kwa maandishi na utie sahihi kwenye daftari la vifaa, ili kesho pasiwe na maneno. Kisha tafuta hasa ile ruta. Walimu wengi huiacha kabatini wakidhani haina kazi kwa sababu shule haina intaneti. Ina kazi kubwa: ruta isiyo na intaneti bado inaunganisha vifaa vyenyewe kwa vyenyewe, na Kolibri inahitaji hicho tu.

Kabla ya kuvichaji vishikwambi, vitazame kimoja kimoja mgongoni. Betri iliyokaa miaka bila chaji inaweza kuvimba. Utaona kifuniko kimeinuka au skrini imetengana na fremu. Kilichovimba usikichaji kamwe na usijaribu kukibonyeza kirudi. Kitenge mbali na watoto na umjulishe mkuu. Vilivyo sawa vichaji ukiwa karibu, usiviache usiku kucha, na uvipe subira, kwani betri iliyokauka kabisa huweza kukaa muda mrefu bila kuonyesha dalili yoyote kisha ikaamka. Tundu za chaja zikiwa na ukungu wa kijani, hiyo ni hewa ya bahari imekula shaba. Futa taratibu kwa mswaki mkavu, kifaa kikiwa kimezimwa. Baada ya hapo usivirudishe kabatini vikiwa wazi. Viweke kwenye ndoo au kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chumvi ya hapa kwetu huua vifaa vingi kuliko vile wanavyoviharibu watoto.

Kolibri yenyewe ni programu huria ya shirika la Learning Equality la Marekani, wale wale waliotoa KA Lite mwaka 2012 ili masomo ya Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, yafike mahali pasipo na mtandao. Unaiweka kwenye laptopu yako, na laptopu hiyo inageuka kuwa seva ya darasa. Ndani yake unaingiza masomo unayoyataka: video na mazoezi ya Khan Academy, majaribio ya PhET, hadithi, vitabu. Vishikwambi havihitaji kuwekewa chochote. Vinaunganishwa na ruta, vinafungua kivinjari, vinaandika anwani ambayo Kolibri inakuonyesha kwenye laptopu, na vimeingia. Bando halitumiki hata baiti moja.

Ruta ikiwa imekufa, usikate tamaa. Laptopu ya Windows inaweza kutoa hotspoti kwa vifaa visivyozidi vinane, nawe unahitaji sita tu. Tatizo ni kwamba Windows wakati mwingine inakataa kuwasha hotspoti kama hakuna intaneti ya kugawa. Ikikataa, washa hotspoti ya simu yako huku data ya simu ikiwa imezimwa, kisha unganisha laptopu na vishikwambi vyote kwenye hotspoti hiyo. Simu nyingi zinakubali. Simu hapo inafanya kazi ya ruta tu, bando lako halishikwi.

Mahali ambapo walimu wengi hukwama na Kolibri ni kwenye kupakua masomo. Wanabofya mkusanyiko mzima wa Khan Academy wa Kiingereza, kumbe ni makumi ya gigabaiti, na upakuaji haumaliziki. Usichukue mkusanyiko mzima. Fungua mada, ingia kwenye mada ndogo, weka alama kwenye yale unayofundisha muhula huu pekee: sehemu, asilimia, milinganyo, pembe. Fanya hivyo ukiwa mahali penye waifai isiyopimwa, ukija Amu kwa shughuli zako. Bora zaidi, mwalimu mmoja apakue kwa niaba ya wote. Kolibri inaruhusu masomo kuhamishwa kwa flashi au diski ya nje, na pia laptopu moja yenye Kolibri inaweza kuchukua masomo kutoka nyingine zikiwa kwenye ruta moja. Walimu wa Pate, Siyu, Faza, Mbwajumwali na Tchundwa mkikutana siku moja ya semina, mnaondoka nyote mmejaa kama mitungi iliyoteka kisima kimoja. Msimu wa kusi, bahari ikichafuka na safari ya Amu ikawa ngumu, hamtakuwa mnamsubiri mtu.

Kuna sehemu ndani yake inaitwa ya mkufunzi, na kwangu mimi hii ndiyo sababu ya kuichagua Kolibri kuliko rundo la video kwenye flashi. Unaunda darasa lako, unaandika majina ya wanafunzi, unawapangia zoezi, na baada ya kipindi inakuonyesha nani amekosa swali gani na mara ngapi amejaribu. Ukiona watoto kumi na tano wamekosa swali moja la kujumlisha sehemu, kesho asubuhi unajua pa kuanzia. Kama mnatumia kifaa kimoja kwa kundi, andikisha makundi badala ya watoto. Taarifa itakuwa ya kundi, lakini bado inakufaa.

Nikuonye jambo moja hapa: masomo ya Khan Academy hayakutungwa kwa mtaala wa Kenya. Utaratibu wa mada ni tofauti, na mifano yake ni ya dola na futi. Ukae na muundo wa mtaala wa KICD, taasisi ya kuandaa mitaala ya Kenya, mkononi, unapatikana kwa PDF bila malipo, na uchague kinachoingia ndani yake. KICD wana pia Kenya Education Cloud yenye maudhui yaliyokusudiwa mtaala wetu. Itazame ukiwa na mtandao.

Kwa Hisabati, ongeza GeoGebra siku utakapokuwa umezoea. Aliianzisha Markus Hohenwarter huko Austria mwaka 2001, ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, na ukishaiweka kwenye simu au laptopu inafanya kazi bila mtandao. Inachora pembe, mistari na maumbo ambayo ukivuta ncha moja yanabadilika mbele ya macho, na vipimo vyake vinabadilika pamoja. Kwa kisiwa chenye mafundi wa nakshi, mimi ningefanya hivi: piga picha ya mlango wa kuchongwa, iwe Siyu au popote, iingize picha hiyo ndani ya GeoGebra, kisha wanafunzi wachore juu yake mistari ya ulinganifu na kutafuta pembe ambayo ua la nakshi linajirudia. Wengine watagundua kwamba fundi alitumia bikari. Mwiteni fundi mwenyewe aje aeleze alivyopima. Somo hilo ni la Kiswahili chake, la mji wake, na ni Hisabati tupu.

Siku ambazo vifaa vyote vimezima, kuna njia ya kupima darasa zima kwa simu moja: Plickers. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye umbo lake peke yake; akiigeuza upande mmoja ni A, mwingine ni B, na kuendelea. Wewe unapitisha kamera ya simu darasani na majibu yote yanasomeka. Seti ya kawaida ina kadi 40, hivyo kwa darasa lako pakua ile kubwa ya kadi 63. Chapa kwenye karatasi nzito na usizifunike kwa plastiki inayong'aa, kwa maana mwanga unaorudi unaizuia kamera kusoma. Plickers inahitaji mtandao, lakini ni wa simu moja tu. Na mtandao ukigoma kabisa, kadi nne za rangi kwa kila mtoto zinakupa karibu jibu lile lile kwa jicho lako.

Kiwix nitaitaja kwa ufupi. Inakuwezesha kuwa na Wikipedia nzima ndani ya laptopu bila mtandao. Ya Kiingereza yenye picha ni karibu GB 100, usiiguse. Ya Kiswahili ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo, na yapo mafungu ya mada maalumu. Inafaa kwa kazi za utafiti ambazo mtaala huu unawapa watoto kila wiki, na ambazo mzazi asiye na bando anashindwa kuzitimiza nyumbani.

Umesema unafundisha Sayansi, lakini nakuomba usiipite African Storybook. Watoto wengi wanaokosa swali la Sayansi wameshindwa kulisoma swali lenyewe. Hii ni kazi ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini: hadithi fupi za watoto, zimepangwa kwa ngazi za kusoma, katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzitafsiri. Hadithi ile ile ukiwa nayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, unaweza kuzilaza mbele ya mtoto ubavu kwa ubavu. Zungumza na mwalimu wa lugha. Ruhusa ya kutafsiri ina maana pia kwamba mnaweza kuandika hadithi kwa Kitikuu au Kisiu, kama zinavyosimuliwa na wazee wenu, na zikasomwa darasani.

Kwenye orodha yako bila shaka zimo zana za akili unde, na najua walimu wengi wanazitumia kutunga maswali. Zitumie nyumbani, kwa kuandaa rasimu. Jibu kila swali wewe mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani, kwa sababu zinaweza kukupa jibu lisilo sahihi kwa lugha yenye uhakika mkubwa, na mtoto hana namna ya kujua. Na usiziandikie jina la mwanafunzi wala alama zake.

Hilo la majina nalichukulia kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto. Mwaka 2023 shule moja jijini Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo zana yoyote inayotaka kila mtoto afungue akaunti kwa barua pepe au namba ya simu, iache. PhET haitaki akaunti. Kolibri inatunza majina ndani ya laptopu yako, na hata hapo jina moja au namba ya daftari inatosha. Plickers pia waandikie namba za kadi. Unapopiga picha ya somo kumwonyesha mkuu, piga mikono na vifaa, usipige nyuso. Na WhatsApp ya wazazi itumie kwa ujumbe wa sauti kuhusu kazi ya nyumbani, mzazi aliye baharini atausikiliza akirudi. Alama za watoto na picha zao zisipite humo.

Kwa mwalimu mkuu, peleka vitu viwili: karatasi za utabiri za somo la umeme, zile za kabla na majibu ya baada, na ukurasa mmoja wa taarifa kutoka Kolibri. Mwambie waziwazi kwamba umechagua zana mbili na kwa nini. Mkuu anayeona kwamba watoto kadhaa wamebadilisha jibu lao na wanaweza kueleza sababu, hatakuuliza zile hamsini na nane ziko wapi. Akiuliza, muonyeshe hesabu ya bando.

Ukija Amu kupakua, njoo na chaja ya laptopu na flashi ya GB 64. Kabla hujaondoka nyumbani iformati kwa mfumo wa exFAT, na uhakikishe haina kitu chako cha maana ndani, kwa kuwa kuformati hufuta kila kitu. Flashi iliyo kwenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja lenye zaidi ya GB 4, na baadhi ya mafaili ya Kiwix yanapita hapo. Anza kupakua PhET, ni dakika chache tu. Kolibri na mada zake ziache ziendelee wakati ukifanya shughuli nyingine. Na ukiipata ile ruta kabatini, niandikie jina na namba iliyobandikwa chini yake, nitakuelekeza jinsi ya kuifungua kama hakuna anayekumbuka nywila yake.